Povu la plastiki inayooza: kwa nini linasumbua kulitengeneza

Bisi ni povu linalooza. Punje ya mahindi ya bisi hubeba maji yapatayo asilimia 14 ya uzito wake, yakiwa yamefungiwa ndani ya ganda gumu. Ikipashwa moto, maji yanataka kuwa mvuke na hayana pa kutokea. Presha inapanda mpaka inafikia mara tisa hivi ya presha ya hewa ya kawaida, huku wanga wa ndani ukilainika na kuwa rojo zito. Joto likikaribia nyuzi 180 za Selsiasi, ganda linapasuka. Presha inaanguka mara moja, mvuke unatanuka, wanga unavutwa na kuwa kuta nyembamba za viputo, na kwa kuwa mvuke unaotanuka hupoa na kuukausha wanga papo hapo, viputo vinaganda kabla ya kunywea. Punje imekua mara thelathini, pengine arobaini.

Aliyezoea kukaanga bisi anajua pia zinavyogoma. Punje iliyokauka kupita kiasi hubaki jiwe chini ya sufuria. Yenye ganda lililotoboka inavujisha mvuke na haipasuki. Moto ukiwa mdogo, maji yanajiondokea polepole bila kufanya kazi. Ukiwa mkali mno, ganda linapasuka kabla wanga wa katikati haujalainika, na unapata bisi nusu nusu. Gesi ni kiasi gani, kuta zimelainika kiasi gani, presha inashuka kwa kasi gani, na povu linaganda lini: kiwanda cha povu la plastiki inayooza kinahangaika na maswali hayohayo manne, ila chenyewe hakina ganda la kukisaidia.

Povu tulilolizoea ni la polistirini. Ndilo boksi jeupe la chipsi kuku, na ndilo boksi kubwa linalobeba minofu ya sangara wa Ziwa Victoria kwenda Ulaya kwa ndege. Mita moja ya ujazo ya boksi la namna hiyo ina uzito wa kilo 15 hadi 30 tu, kwa maana kwamba asilimia 98 hivi ni hewa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vyombo vya chakula na vikombe vya povu hili kuanzia Julai 3, 2021, na tangu hapo kila mtu anatafuta mbadala unaooza. Mbadala upo. Shida ni kwamba hauji kirahisi, na chanzo cha shida ni kimoja: kile kinachoifanya plastiki ioze ndicho kinachoiharibu ikiwa bado mashineni.

Kwanza tuone kwa nini polistirini haisumbui. Kiwanda hununua vijipunje vidogo vilivyokwishanyweshwa pentani, kimiminika chepesi kinachotokana na mafuta, asilimia tano au sita hivi. Vijipunje vinapulizwa mvuke wa maji. Polistirini huanza kulainika karibu na nyuzi 100, ambalo ndilo joto la mvuke, tena hulainika taratibu, haiyeyuki ghafla. Pentani inachemka ndani, punje zinavimba, zinaachwa zitulie, kisha zinamwagwa kwenye kalibu na kupigwa mvuke tena ili zigandane. Maji hayaifanyi chochote, kwa sababu uti wa mnyororo wake wa molekuli ni kaboni kwa kaboni, na maji hayana meno ya kuung'ata. Fundi anaweza kukosea nyuzi kadhaa na boksi likatoka tu.

Sasa mlete PLA, plastiki inayotokana na asidi ya laktiki. Ndiyo maarufu kuliko zote katika kundi hili. Sukari ya mahindi au ya miwa huchachushwa na bakteria kuwa asidi ya laktiki, kisha asidi hiyo huunganishwa kuwa minyororo mirefu. Kiwanda cha NatureWorks kilichopo Blair, Nebraska, kinatumia mahindi na kina uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka. Kile cha TotalEnergies Corbion kilichopo Rayong, Thailand, kinatumia miwa na kina uwezo wa tani 75,000. (Kutokana na mmea na kuoza ni mambo mawili tofauti. PBAT, plastiki laini inayochanganywa sana na PLA, kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta ya petroli na bado inaoza vizuri kwenye mboji.)

Minyororo ya PLA imeungwa kwa viungo vya esta, na kiungo cha esta hukatwa na maji. Hapo ndipo inapoozea: maji yanakata minyororo vipande vifupi, bakteria na kuvu wanavila. Lakini maji hayasubiri plastiki ifike kwenye shimo la mboji. Kwenye nyuzi 180 au 200 ndani ya ekstruda, ile mashine ya skrubu inayoyeyusha na kusukuma plastiki, yanakata kwa kasi kubwa zaidi.

Hebu tupige hesabu. Chukua kilo moja ya PLA ambayo kila mnyororo wake, kwa wastani, una uzito wa molekuli 100,000. Humo mna minyororo ipatayo bilioni bilioni 6,000. Watengenezaji wa PLA wanashauri unyevu usizidi sehemu 250 katika milioni moja kabla ya kuyeyusha, yaani robo gramu ya maji kwa kilo. Robo gramu hiyo ina molekuli za maji zipatazo bilioni bilioni 8,400. Kwa hiyo hata plastiki iliyokaushwa sawasawa ina maji ya kutosha kuukata kila mnyororo zaidi ya mara moja. Kinachoiokoa ni kwamba dakika chache za mashineni hazitoshi maji yote kufanya kazi. Acha punje zifike gramu mbili za maji kwa kilo, jambo rahisi kabisa mfuko ukishinda wazi kwenye hewa ya pwani, na kila mnyororo umepata zaidi ya wakataji kumi.

Na kukatwa kwa minyororo si jambo la kupungua kidogo kidogo. Mnato wa plastiki iliyoyeyuka hufuata urefu wa mnyororo kwa kipeo cha 3.4 hivi: urefu ukipungua nusu, mnato unaporomoka mara kumi. Rojo lililokuwa zito linakuwa jepesi, na rojo jepesi haliwezi kushika gesi. Viputo vinatoboka kimoja kuingia kingine, gesi inatorokea nje, na kinachotoka mashineni ni kipande kizito chenye mashimo machache makubwa yasiyo na mpango.

Ndiyo maana kazi ya kwanza katika kiwanda cha povu la PLA ni kukausha. Punje zenye fuwele, yaani sehemu ambazo minyororo imejipanga kwa mpangilio na kushikana, hukaushwa kwa hewa ya nyuzi 80 hivi kwa saa kadhaa, na hewa yenyewe lazima iwe imeondolewa unyevu; kupuliza hewa ya moto iliyovutwa tu kutoka nje, mahali kama Tanga au Mombasa, ni kujidanganya. Punje zisizo na fuwele zina kero nyingine. Zikivuka nyuzi 55 hadi 60 zinalainika na kugandana kuwa bonge ndani ya kikaushio, hivyo hukaushwa kwa joto dogo na kwa muda mrefu. Kazi hii haionekani kwenye picha za matangazo, ila kwa maoni yangu ndiyo inayowashinda wengi wanaonunua mashine wakidhani wamemaliza.

Kuirefusha minyororo upya

Hata PLA iliyokauka vizuri ina udhaifu wa kuzaliwa nao. Minyororo yake imenyooka, haina matawi, na ikiyeyuka inateleza kirahisi mmoja juu ya mwingine. Povu linahitaji kinyume chake: kuta zinazokaza kadiri zinavyovutwa. Kiputo kinapokua, ukuta wake haunyooki kwa usawa. Kuna mahali panakuwa pembamba kuliko pengine. Kama plastiki haikazi, pale pembamba panazidi kuwa pembamba mpaka panatoboka. Kama inakaza, pale palipovutwa zaidi panakuwa pagumu kuvutika, mvuto unahamia sehemu nyingine, na ukuta wote unakonda kwa pamoja. Tofauti ya povu zuri na povu bovu, kwa sehemu kubwa, iko hapo.

Dawa iliyozoeleka ni kiongezo cha kurefusha minyororo. Kinachotajwa sana ni Joncryl ya kampuni ya BASF, molekuli fupi zenye vikundi kadhaa vya epoksi kila moja. Kila kikundi cha epoksi kinanasa ncha ya mnyororo wa PLA. Molekuli moja ikinasa ncha mbili, mnyororo umerefuka. Ikinasa tatu au nne, umeota matawi, na matawi ndiyo yanayoleta ule ukazaji. Kiasi kinachotumika ni kidogo, nusu hadi asilimia moja na nusu ya uzito. Ukizidisha, minyororo inashikana yote kuwa utando mmoja usioyeyuka: vinatokea vidonge vya jeli ndani ya rojo, skrubu inalemewa, na viputo havikui kwa sababu kuta zimekuwa ngumu mno. Ukipunguza, ni kama hukuweka.

Kiasi hicho kina sababu nyingine ambayo mfanyabiashara hawezi kuipuuza. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432, kinachoamua kipi kiitwe cha kufaa kwa mboji, hakidai ushahidi wa kuoza kwa kila kiambato cha kikaboni kilicho chini ya asilimia moja, ilimradi jumla ya viambato vya namna hiyo isizidi asilimia tano. Kwa hiyo fundi anayeongeza kiongezo kidogo ili povu litoke zuri, na mwanasheria anayesoma kiwango, wanakutana kwenye namba ileile.

Gesi gani, na inatoka wapi

Njia ya zamani ya kupata gesi ni kuchanganya unga unaovunjika kwa joto. Azodikabonamidi, unga wa njano, huvunjika kwenye nyuzi 200 na zaidi kidogo na kutoa nitrojeni kwa wingi. Umoja wa Ulaya uliuondoa kwenye plastiki zinazogusa chakula mwaka 2005, na hata bila hivyo, kuweka unga wa namna hiyo kwenye bidhaa inayouzwa kwa jina la mazingira ni kujitafutia maswali. Mbadala wake ni bikaboneti ya sodiamu, ileile inayoumua keki, mara nyingi pamoja na asidi ya limau. Ni salama na ni rahisi. Lakini inatoa nini? Gesi ya ukaa, na maji. Umeikausha plastiki kwa saa kadhaa, kisha unaitilia kitu kinachozalisha maji ndani ya mashine. Watu wanaitumia, kwa kiasi kidogo na pamoja na kiongezo cha kurefusha minyororo, na wanapata povu la wastani, zito kiasi, linalofaa kwa trei ila si kwa boksi jepesi la samaki.

Anayetaka wepesi wa kweli hudunga gesi yenyewe. Chaguo la kwanza ni gesi ya ukaa. Ikivuka nyuzi 31 na presha ya mara 73 ya hewa ya kawaida, inaingia katika hali ambayo si gesi wala kimiminika, na katika hali hiyo inayeyuka ndani ya PLA kwa wingi, asilimia kadhaa za uzito. Ikiwa humo inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni ile tunayoitarajia, yaani kuwa gesi ya viputo presha ikishuka. Ya pili inawashangaza wengi: inailainisha plastiki. Molekuli zake zinajipenyeza kati ya minyororo na kuipa nafasi ya kusogea, kwa hiyo rojo ambalo lingehitaji nyuzi 180 linaweza kusukumwa kwenye nyuzi 120 au 130. Joto dogo maana yake maji hukata polepole zaidi, na rojo liko karibu zaidi na kuganda pindi viputo vinapotokea. Gesi moja imetatua matatizo matatu.

Nitrojeni ina tabia nyingine. Inayeyuka kidogo tu, lakini hicho kidogo kinatoka kwa nguvu na kuzaa viputo vidogo vingi. Kwa kipande kigumu kinachopunguzwa uzito asilimia kumi au kumi na tano, nitrojeni inatosha. Asili ya wazo hilo ni chuo cha MIT, Marekani, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Profesa Nam Suh na wanafunzi wake walikuwa wakitafuta jinsi ya kutumia plastiki kidogo bila kupoteza uimara. Jibu lao lilikuwa viputo vidogo kuliko nyufa ambazo tayari zimo ndani ya plastiki, ili visiwe chanzo kipya cha kuvunjika: chini ya mikromita kumi kila kimoja, na zaidi ya bilioni moja katika sentimita moja ya ujazo. Kwa boksi jepesi, nitrojeni haitoshi.

Viputo haviibuki popote tu. Kiputo kinachozaliwa katikati ya rojo safi kinapaswa kutengeneza uso mpya kutoka sifuri, na hilo linagharimu nguvu. Kikipata kipembe cha kujishikiza, gharama inapungua. Hiyo ndiyo kazi ya talki, unga laini wa jiwe: nusu hadi asilimia mbili inatosha kutoa mamilioni ya vipembe vya kuzalia. Bila talki, viputo vichache vinazaliwa, vinagawana gesi yote, vinakuwa vikubwa na kuta zake dhaifu. Ikiwemo, vingi vinazaliwa kwa pamoja na kila kimoja kinapata kidogo. Lakini talki nayo ina kikomo. Ukiongeza sana, chembe zinashikana mafungu mafungu, na fungu moja linafanya kazi ya chembe moja kubwa. Tena chembe kubwa iliyokaa kwenye ukuta mwembamba inautoboa. Udongo wenye chembe ndogo kabisa na nyuzi za selulosi za kiwango cha nano hufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi kidogo zaidi, mradi zimesambazwa vizuri, na kuzisambaza ndiko kugumu kwenyewe.

Kwenye mdomo wa mashine

Viongezo vyote hivyo vikiwa sawa, bado mtu anaweza kuharibu kila kitu kwa nyuzi chache za joto mahali rojo linapotokea. Kwa kawaida ekstruda huwa mbili zimefuatana. Ya kwanza inayeyusha na kuchanganya gesi chini ya presha kubwa. Ya pili haina kazi nyingine ila kupoza rojo polepole na kwa usawa hadi kwenye joto la kutokea. Kisha rojo linapita kwenye tundu jembamba, presha inaanguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na viputo vinazaliwa hapohapo.

Tundu likiwa na joto mno, ngozi ya povu inabaki laini na gesi inapita ndani yake kwenda nje. Povu linavimba vizuri kwa sekunde moja, mtu anafurahi, kisha linanywea mbele ya macho yake. Likiwa baridi mno, fuwele zinaanza kujijenga kabla ya wakati, rojo linakakamaa, na gesi haina nguvu ya kulitanua. Kwa hiyo ukichora mchoro wa kuvimba dhidi ya joto, unapata mlima: unapanda kutoka upande wa baridi, unafika kileleni, unashuka upande wa moto. Kwa polistirini kilele ni tambarare, kwa PLA ni chembamba. Kazi ya viongezo, ukiiangalia kwa jicho hilo, ni kukipanua kilele hicho ili mashine iweze kuendeshwa na binadamu wa kawaida kwa zamu ya saa nane.

Kasi ya kushuka kwa presha nayo ina neno. Tundu fupi na jembamba linaiangusha presha haraka, na kadiri inavyoanguka haraka ndivyo viputo vingi zaidi vinavyozaliwa kabla ya vile vya kwanza kuanza kunyonya gesi ya jirani zao. Lakini tundu jembamba linataka presha kubwa nyuma yake, na msuguano wa kupita hapo unaongeza joto ulilojitahidi kulipunguza. Hakuna kitufe kimoja kinachogeuzwa peke yake kwenye mashine hii.

Kuhusu fuwele, hapa pana utata unaostahili kufafanuliwa. Fuwele kidogo mapema ni jambo jema: kila fuwele ndogo ni kama fundo linaloshika minyororo pamoja, na linasaidia kuta zikaze. Fuwele nyingi mapema ni balaa. Fuwele nyingi baadaye, povu likishatoka, ndizo tunazozitaka, kwa sababu PLA isiyo na fuwele inalegea ikifika nyuzi 60. Mimina chai ya moto kwenye kikombe cha namna hiyo uone kinavyojikunja. Sahani ya wali wa moto nayo itakuwa na hadithi hiyohiyo.

Wingi wa fuwele unaamuliwa kwanza na ukoo wa PLA yenyewe. Asidi ya laktiki ina maumbo mawili, L na D. PLA yenye L karibu tupu hujipanga vizuri na kutoa fuwele. D ikifika asilimia kumi na kitu, mpangilio unavurugika na fuwele hazitokei kabisa. Kwa wepesi wa kuvimba unataka D nyingi kidogo, kwa kustahimili joto unataka chache. Mwaka 1987 watafiti wa Kijapani walionyesha kuwa ukichanganya mnyororo wa L tupu na ule wa D tupu, inatokea fuwele ya aina nyingine inayoyeyuka kwenye nyuzi 220 hadi 230, nyuzi hamsini hivi zaidi ya kawaida. Ni njia nzuri sana, na D tupu ni ghali.

Maabara ya Profesa Chul Park, Chuo Kikuu cha Toronto, imetumia miaka mingi kwenye swali hili, pamoja na kuigeuza PLA kuwa punje za povu zinazounganishwa kwa mvuke. Ujanja ni kuzipasha punje chini ya gesi ya ukaa hadi fuwele dhaifu ziyeyuke na zile imara zibaki na kuongezeka. Unapata fuwele za aina mbili. Mvuke ukipita, zile dhaifu zinayeyuka na kuzigundisha punje, huku zile imara zikishikilia umbo lisiporomoke. Gesi inayolainisha, joto linalochagua fuwele, muda wa kusubiri: hapo hakuna hata kiongezo kimoja, ni uendeshaji mtupu.

Wanga wa mhogo, njia ya kwetu

Kuna njia nyingine isiyohitaji gesi ya kununua wala kukausha chochote, nayo inarudi kwenye kanuni ya bisi: wanga na maji. Hapa maji ni rafiki, yanalainisha na ndiyo gesi yenyewe. Wanga unaweza kupitishwa kwenye ekstruda na kutoka kama vipande vyepesi vya kujazia maboksi ya vioo, bidhaa iliyoko sokoni Marekani tangu miaka ya 1990. Au unaweza kuokwa. Wanga, maji, gundi ya guari kidogo ili wanga usizame chini, na stearati ya magnesi ili trei isigande kwenye chuma, vinapigwa kuwa rojo, linamiminwa kwenye kalibu ya moto ya nyuzi 200 hivi, linafungwa, na baada ya dakika mbili au tatu trei imetoka. Mashine zake zimetokana na zile za kuokea biskuti za wafa.

Ukivunja trei hiyo utaona nje ni ngozi ngumu iliyobanana, ndani ni viputo vikubwa vilivyo wazi. Ngozi inatokea kwa sababu rojo lililogusa chuma liliiva na kukauka kabla halijavimba. Maji yakizidi, mvuke unatoka kwa fujo na kutoboa trei. Yakipungua, rojo halijazi kalibu. Joto likishuka, muda unarefuka na kiwanda hakilipi. Likipanda, ukingo unaungua na kuwa wa kahawia.

Udhaifu wa trei ya wanga mtupu ni wa kukera. Ikikauka inavunjika kwa kidole, ikipata unyevu inalegea. Trei ileile itakuwa biskuti Dodoma mwezi wa Agosti na kitambaa Unguja wakati wa masika. Gliseroli inaipa unyumbufu, lakini gliseroli yenyewe inavuta maji kutoka hewani. Nyuzi za mimea zinafanya kazi nzuri zaidi: zinashika kuta, zinazuia ufa usitembee. Zikizidi, rojo linakuwa zito na mvuke hauwezi kulivimbisha, kwa hiyo trei inakuwa imara na nzito. Kwa mchuzi na supu kinachobaki ni kuipaka ngozi, iwe nta ya nyuki au utando mwembamba wa plastiki inayooza.

Pamoja na hayo yote, mimi naona njia hii ina nafasi kwetu kuliko PLA ya kuagiza. Kongo ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa mhogo duniani, Tanzania inalima kutoka Mtwara hadi Kigoma, na nyuzi za mkonge zipo Tanga. Kwa trei ya mayai, nyanya au nyama kavu, wanga unatosha. Kwa boksi la sangara lenye barafu inayoyeyuka, hautoshi, na hakuna nyuzi wala nta itakayobadili hilo kwa bei ya kuridhisha.

Na inaoza kweli?

EN 13432 inataka asilimia 90 ya kaboni igeuke gesi ya ukaa ndani ya miezi sita, na kwamba baada ya wiki 12 za mboji, kisichozidi asilimia 10 ndicho kibaki kwenye chekecheo la milimita mbili. Majaribio hayo hufanywa kwenye joto la nyuzi 58 hivi, joto la mboji ya kiwandani. Kwa PLA, joto hilo ndilo siri yote: hapo minyororo imelegea na maji yanapenya. Kwenye nyuzi 28 za bahari ya Kunduchi haijalegea, na boksi la povu la PLA litaelea kwa muda mrefu likifanana kwa kila hali na lile la polistirini. Trei ya wanga, kwa upande wake, itakuwa imeshamomonyoka.

Viongezo navyo vinarudi kudai chao. Fuwele tulizozitafuta ili kikombe kistahimili chai ndizo zinazochelewa kukatwa, kwa kuwa maji huanza na sehemu zisizojipanga. Talki haiozi, ila ni jiwe na inarudi udongoni. Na kuna jambo ambalo mtu hawezi kulikisia: kuta nyembamba hazimaanishi kwamba kukatwa na maji kutakuwa kwa haraka. PLA inapokatwa hutoa asidi, na asidi inaharakisha ukataji. Ndani ya kipande kinene asidi inanaswa na kazi inakwenda mbio. Kwenye ukuta mwembamba inatoroka nje. Watafiti wa vipandikizi vya hospitali waliliona hili mapema, kwa sababu vipande vinene vilikuwa vikiharibika kuanzia katikati. Kwenye mboji, povu linafidia kwa kuwapa vijidudu uso mkubwa wa kushambulia pindi minyororo inapokuwa mifupi.

Kwa hiyo anayekuuzia kifungashio cha povu kwa neno "kinaoza", muulize kinaozea wapi na kwa joto gani, na kama kina cheti cha EN 13432 au cha ASTM D6400, kiwango cha Marekani. Ukiambiwa ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya isambaratike juani, hiyo inavunjika vipande vidogo tu. Ulaya iliifungia siku ileile ilipofungia vyombo vya polistirini.

Na swali la mwisho kwa anayefikiria kufungua kiwanda ni la usafiri. Punje za polistirini husafiri zikiwa hazijavimba, pentani ikiwa imetulia ndani kwa wiki nyingi, na kontena moja linajaza ghala zima zikishavimbishwa. Gesi ya ukaa haitulii hivyo, inatoka kwenye PLA mapema. Synbra wa Uholanzi, waliotoa povu la PLA kwa jina la BioFoam, na taasisi ya Scion ya New Zealand, iliyotengeneza ZealaFoam ili ipite kwenye mashine zilezile za polistirini, wote walichagua gesi hiyo. Anayetaka kufanya hivyo Mwanza atalazimika kununua punje ngumu za PLA na kuzinywesha gesi hapohapo kiwandani, akiwa na mitungi ya presha na kikaushio kinachofanya kazi mvua ikinyesha, au alipie meli kumletea kontena zilizojaa hewa.